Tulipoiosha Damu ya Nyamizi

Wanangu mnaofanya kazi maabara siku hizi, nianze na la aibu ili tuzoeane: nimewahi kumeza maji ya damu ya mtu. Sikupenda. Zamani zile pipeti, kile kijiti cha kioo cha kupimia majimaji, tulikivuta kwa mdomo kama mtu anavyofyonza soda kwa mrija. Ukizubaa kidogo, ukawaza futari, yamekwisha kufika kwenye ulimi. Siku hilo liliponipata mara ya kwanza nilikimbilia dirishani nikatema mpaka machozi yakanitoka. Bwana Kitundu, mkuu wetu wa maabara, hakunipa pole. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akasema, "Zuwena, hapa tumeajiriwa kupima, siyo kuonja."

Juzi mlikuja wawili nyumbani kwangu Ng'ambo na karatasi yenu. Mnajifunza kupima kama mgonjwa wa figo aliyesafishwa damu amesafishwa ikatosha. Mlinionyesha hesabu zake: uchafu wa damu kabla, uchafu baada, uzito wa mtu, saa alizokaa kwenye mashine. Mkaniuliza, "Bibi, enzi zenu mlikuwa mnapimaje?" Nikacheka, nikawapa kahawa, nikabadilisha mazungumzo. Mtanisamehe. Swali lile lina mtu ndani yake, na mtu huyo sikutaka kumtaja huku natafuta vikombe. Sasa nimekaa, nitawaambia.

Enzi zetu hapa Tabora hatukuwa na mashine ya figo. Tulikuwa na tumbo la mgonjwa, chupa za vioo na ndoo mbili.

Nikifumba macho naiona wodi ile kama kitu kilichoko chini ya maji. Ilikuwa masika, na masika ya mwaka ule yalinyesha kama hayana pengine pa kwenda. Mvua ikipiga bati, sauti za watu zinapotea. Unaona midomo inacheza tu. Madirisha yalikuwa meupe kwa mvuke. Nje, barabara iliyotoka kusini, njia ya misafara ya zamani ambayo wapagazi walipita na pembe na marobota, ilikuwa imegeuka kijito chekundu, na bado watu walikuwa wakija nayo kwa miguu, mwavuli wa jani la mgomba kichwani, wakiwa wamebeba wagonjwa wao kwenye machela. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu. Nilikuwa nimetoka kwenye mafunzo, najua kila kitu.

Nyamizi aliletwa na lori la tumbaku kutoka kijiji kimoja cha ujamaa upande wa Sikonge. Kijiji kilikuwa kipya. Watu walikuwa wamehamia pale msimu uliopita, na zahanati yao ilikuwa na kuta zilizofika usawa wa madirisha, basi. Alizaa kwa shida, akamwaga damu nyingi. Mtoto walimzika kulekule. Mumewe, Mihambo, mkulima wa tumbaku na mrina asali, alimpakia kwenye lori na kupakia na baiskeli yake, maana hakujua atarudi na nani wala kwa njia gani.

Tulimwongezea damu akafumbua macho. Tukafurahi. Lakini siku ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, na Nyamizi hakukojoa hata tone. Uso ukaanza kuvimba. Akashikwa na kwikwi, ile kwikwi isiyosikia maji wala kushtuliwa. Pumzi yake ikawa na harufu kama ya banda la kuku. Akawa anazungumza na watu ambao hawapo, kwa Kinyamwezi, akiomba *minzi, minzi*, maji, na maji ndiyo tuliyokuwa tunamnyima.

Figo zikikosa damu kwa muda, hulala. Hivyo ndivyo Daktari Komba alivyotueleza, akiwa amesimama miguuni pa kitanda, na mimi sijawahi kusikia maelezo mazuri zaidi. "Zimelala," alisema. "Hazijafa. Zinaweza kuamka baada ya wiki, zinaweza kuchukua wiki tatu. Kazi yetu ni kumweka hai mpaka ziamke." Alikuwa kijana yeye mwenyewe, amerudi kutoka masomoni hajamaliza mwaka, na namna ya kusafisha damu kwa njia ya tumbo alikuwa ameifanya kwa mikono yake mara mbili tu. Hilo alituambia pia.

Njia yenyewe ni hii. Ndani ya tumbo la mtu kuna utando mpana wenye mishipa myembamba isiyohesabika. Unatoboa tundu dogo chini ya kitovu, unapitisha mrija, unaingiza maji maalumu yenye chumvi na sukari yaliyopashwa moto wa mwili. Maji yanakaa. Uchafu uliomo kwenye damu unavuka utando, unaingia kwenye maji. Kisha unashusha chupa sakafuni, na maji yanarudi yenyewe, yakiwa ya manjano hafifu. Unamwaga, unaingiza mengine. Saa baada ya saa. Kuna wakati mvua ilikatika na wodi yote ikawa kimya, tunasikiliza tu maji yakishuka kutoka kwa mwanamke yule.

Mwenye shughuli ile alikuwa Sista Monika, muuguzi mkuu wa wodi, mama mfupi wa Usoke, Mmoraviani, ambaye hata akikaripia alikuwa kama anaimba. Alipima kila chupa iliyoingia na kila chupa iliyotoka. Zikiingia chupa mbili na maji yakatoka pungufu, anamgeuza mgonjwa ubavu, anamkanda tumbo polepole, mpaka maji yake yarudi. "Maji ni kama mgeni," aliniambia. "Ukimkaribisha, ujue na saa ya kumsindikiza."

Shida yake ilikuwa uzito. Mgonjwa asiyekojoa lazima umpime kila siku, kwa sababu maji yanayojificha mwilini jicho haliyaoni mapema. Na mizani yetu ilikuwa ya kusimama. Nyamizi asingeweza kusimama.

"Mihambo," Sista Monika akamwuliza mume, "ninyi kule mnapimaje robota la tumbaku?"

"Tunalining'iniza, Sista."

"Mizani ya namna hiyo hapa mjini ipo wapi?"

Mihambo alipanda baiskeli yake kwenye mvua ile akaenda kwenye ghala la ushirika. Sijui aliwaambia nini. Jioni alirudi ameloa chapachapa, mizani ya ndoano imefungwa nyuma kwa mpira wa tairi. Tuliitundika kwenye boriti, tukamfunga Nyamizi ndani ya blanketi kama robota, watu wanne tukamwinua. Alining'inia pale anazunguka taratibu, na mvuke wa dirisha nyuma yake, kama yumo ndani ya yai. Mgonjwa wa kitanda cha jirani akauliza, "Daraja la ngapi hilo?" Maana tumbaku hupangwa kwa madaraja. Mihambo akajibu bila kucheka, "La kwanza, mama. La kwanza kabisa." Kisha akatoka nje.

Mimi kazi yangu ilikuwa yurea, ule uchafu ambao hata ninyi mnaupima. Nilichukua damu asubuhi na jioni, nikaizungusha ikajitenga, nikachanganya ile sehemu ya juu na dawa, nikachemsha. Rangi ikitokea nyekundu kama maji ya rozela, uchafu ni mwingi. Ikitokea ya waridi hafifu, umepungua. Tulikuwa na mashine ndogo ya kusomea rangi, yenye mshale, na umeme ukicheza mshale nao unacheza, kwa hiyo Bwana Kitundu alinifundisha kusoma mara tatu na kupumua katikati. Kila safari aliniwekea tyubu moja ambayo yeye anajua jibu lake na mimi sijui, kunipima mimi. Nilichukia tyubu ile. Nawashauri muipende.

Siku mbili za kwanza rangi ilipungua, lakini kwa kujivuta. Ilikuwa nyekundu, ikawa nyekundu kidogo. Na chupa za maji zilikuwa zinakwisha. Zilitoka Dar kwa treni, na treni haikuja. Reli ilikuwa imekatwa na maji huko mbele, hakuna aliyejua itatengenezwa lini. Kila asubuhi Daktari Komba aliingia maabara mwenyewe, akasimama nyuma yangu akitazama mshale. Swali lilikuwa moja tu, lile lenu: imetosha? Tukiacha mapema, atakufa. Tukiendelea bila sababu, tutamaliza maji, na tundu la tumboni likikaa sana hutunga usaha.

Siku ya tatu daktari hakutaka kungoja jioni; adhuhuri nilikwenda kuchukua damu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umevimba kwa kuchomwa na sisi; mishipa yote imekimbia. Mkono wa kulia ulikuwa na dripu, maji ya sukari yanayoingia taratibu ya kumtia nguvu. Nilitafuta kushoto mara mbili, nikakosa. Mvua ilikuwa inanyesha. Nyamizi alinitazama, macho yake siku hiyo yalikuwa na mtu ndani, akasema kitu kidogo ambacho sikukisikia kwa kelele ya bati. Nikaufikia mkono wa kulia. Juu kidogo ya sindano ya dripu palikuwa na mshipa mzuri, umejaa. Nikachoma. Damu ikaja mara moja, nikashukuru Mungu.

Rangi ilitokea ya waridi. Nilisoma mara tatu. Nilipumua katikati. Tyubu ya Bwana Kitundu ilitoa jibu lake sawasawa, kwa hiyo dawa zilikuwa nzima na mashine nzima. Nilikimbia na karatasi uwanjani kwenye mvua bila kujifunika, nikiwa nimeificha ndani ya nguo isilowe.

Daktari Komba aliisoma akakaa chini. Nilimwona mtu mzima akilegea kama kamba iliyofunguliwa. "Basi tumevuka," alisema. Chupa zilizobaki zilikuwa kumi na mbili; aliona bora tuziweke akiba kwa atakayefuata. Saa kumi alichomoa mrija, akashona tundu.

Sista Monika peke yake hakufurahi. "Kwikwi yake sijaona ikipungua," alisema. Daktari akamwambia namba ni nzuri. Akajibu, "Haya."

Asubuhi nilipofika, Nyamizi hakuamka kwa jina lake. Kwikwi ilikuwa inamrusha kitandani. Ile harufu ilikuwa imerudi, niliisikia tangu mlangoni. Sista Monika alinitazama kwa upole uliokuwa mbaya kuliko hasira.

"Zuwena, mwanangu. Namba yako inasema amepata nafuu. Mwili wake haujaisoma namba yako."

Nilichukua damu kutoka mguuni, ndipo mshipa ulipopatikana. Nikapima. Ilitoka nyekundu kama rozela iliyolala usiku kucha kwenye sufuria.

Wanangu, akili ya mtu inapotaka kujiokoa ina mbio kuliko treni. Nilijiambia dawa zimezeeka. Nilijiambia umeme ulicheza. Nilijiambia uchafu hurudi, na hilo ni kweli, ninyi mnalijua: ukimaliza kumsafisha mtu, uchafu uliojificha ndani ya nyama hurudi kwenye damu, ndiyo maana mkipima mara tu baada ya mashine mnadanganyika. Lakini haurudi kwa kiasi kile kwa usiku mmoja. Nikakaa kwenye kiti, mikono yangu ikarudia yenyewe ilichokifanya jana: kushoto, kushoto tena, kisha kulia. Mshipa mzuri, umejaa. Umejaa nini?

Nilikuwa nimepima maji ya dripu yaliyochanganyika na damu kidogo. Nilikuwa nimempelekea daktari namba ya chupa.

Bwana Kitundu alikuwa anaandika kwenye daftari. Nilimwambia. Aliweka kalamu chini, akalifunga daftari.

"Nani anajua?"

"Wewe tu, mzee."

"Ukisema dawa zimeharibika kwa unyevu, kila mtu ataamini. Mwaka huu kila kitu kimeharibika kwa unyevu."

Sikujua kama ananipa mlango au ananitega, na mpaka leo sijui. Kisha akasema, "Lakini wakiamini ni dawa, watasubiri dawa mpya. Na yeye hatasubiri."

Nilimkuta Daktari Komba ofisini kwake, anakunywa chai. Nilimwambia nikiwa nimesimama, haraka, kama mtu anayetapika. Mkono wenye dripu. Juu ya sindano. Mimi mwenyewe. Nilitazama kikombe chake muda wote. Kilikuwa na ufa mwembamba, na chai ilikuwa inatoka pale tone moja moja. Nilidhani atanifukuza. Nilimtayarishia hata sentensi zake.

Alichosema ni, "Chupa kumi na mbili." Akasimama. "Kamwite Sista Monika. Halafu rudi, sijamalizana na wewe."

Tulimtoboa Nyamizi mara ya pili. Nilishika taa. Hakulia, hakuwa na nguvu ya kulia, lakini alishika kidole changu akakiminya wakati wote, na mimi nikaona ni haki yangu kuminywa.

Kuhusu kumalizana, alinipeleka kwenye daftari la maabara. Nilitaka kufuta ile namba. Akanikataza. "Pitisha mstari mmoja, isomeke. Andika kando kwa nini ni ya uongo, weka jina lako." Nikaandika: damu ilichukuliwa juu ya dripu. Zuwena Hamisi. Kisha akaniuliza, sasa kwa sauti ya mtu anayeomba, "Chupa kumi na mbili hazitoshi kwa namna tuliyokuwa tunafanya. Unaweza kunisaidia?"

Hapo ndipo nilipojifunza kazi hii, siku hiyo, na si chuoni. Nilimwambia tumekuwa tunapima damu tu. Maji yanayotoka hatujawahi kuyapima, tunayamwaga. Mbona yasituambie yenyewe yamebeba nini?

Chupa za kwanza tulizoingiza, Sista Monika alinitolea maji kidogo kila baada ya muda. Robo saa. Nusu saa. Saa nzima. Nilikimbia nayo maabara nikayachemsha pamoja na damu ya saa ileile, nikazipanga tyubu dirishani. Ya robo saa ilikuwa karibu nyeupe. Ya nusu saa ilikuwa na rangi, lakini si nyingi. Ya saa nzima ilikuwa inaikaribia damu yenyewe. Nikaelewa. Siku zile za kwanza, kwa haraka na kwa hofu, tulikuwa tunayatoa maji kabla hayajabeba mzigo. Tulikuwa na wapagazi tunaowarudisha mikono mitupu.

"Yaache yakae saa nzima na zaidi," nilimwambia daktari. "Ukiwa na chupa nyingi unaweza kwenda mbio. Sisi tuna chache. Kila moja iondoke imejaa."

Sista Monika alinitazama, akasema, "Sasa unaongea kama mtu aliyewahi kuteka maji mbali."

Siku zilizofuata nazikumbuka kama ndoto ya homa, isiyo na mwanzo. Mvua, mvuke, ndoo, mizani inayozunguka. Mihambo alikuwa anapasha chupa kwenye maji ya moto na kuzijaribu joto lake shavuni, kwa uangalifu, kana kwamba anabeba vifaranga. Chupa zilikwenda mbilimbili, asubuhi na jioni. Damu nilichukua mguuni tu, na kabla ya kuchoma nilisema kwa sauti, "Mguu. Dripu iko mkono wa kulia," kama mwendawazimu anayejisimulia. Rangi ilianza kushuka kwelikweli. Lakini sikushangilia tena. Kila jioni nilipeleka karatasi yangu kwa Sista Monika kabla ya kuipeleka kwa daktari, na yeye alikuwa ananiuliza maswali yake: umemwona usoni? Kwikwi? Anajikuna? Amesema nini leo?

Zilipobaki chupa nne kwikwi ilikatika. Zilipobaki mbili, asubuhi, Nyamizi alifumbua macho akasema kwa sauti ya kawaida kabisa ya mtu aliyechelewa kuamka, "Nataka matobolwa."

Matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa vikaanikwa, ninyi watoto wa chipsi sijui kama mnavijua. Daktari alisema haiwezekani, viazi havimfai hata kidogo kwa hali yake. Lakini Sista Monika alikuwa anacheka peke yake akitandika kitanda. "Mgonjwa akianza kuchagua chakula kwa jina," aliniambia, "andika hilo nalo kwenye daftari lako."

Niliandika. Lilikuwepo pale mpaka panya walipolimaliza daftari.

Siku iliyofuata, nikiwa maabara, nilisikia mtu anakimbia kwenye baraza. Mihambo aliingia bila hodi, viatu vina matope, ameshika kikombe kidogo cha bati kwa mikono miwili. Ndani yake kulikuwa na mkojo, kiasi cha kikombe kimoja cha kahawa, wenye rangi ya chai nzito. Bwana Kitundu alisimama. Mzee yule, aliyekuwa hasimami hata kwa wakaguzi, alisimama akakipokea kile kikombe, akakiweka mezani kwenye kitambaa safi.

"Zimeamka," alisema.

Treni ilifika siku nne baadaye na makasha ya chupa. Nyamizi hakuyahitaji. Alikuwa anajaza bakuli zima kwa siku, kisha mawili, na wodi nzima ilikuwa inahesabu pamoja naye. Jirani yake, yule wa daraja la ngapi, alikuwa akitangaza kwa wageni.

Sasa nifike nilipotaka kufika tangu mwanzo, maana hayo yote mnaweza kuyasoma vitabuni kwa maneno bora kuliko yangu.

Siku alipopewa ruhusa mvua ilikuwa imetulia. Miti ya miombo upande wa kusini ilikuwa inatoa ukungu, mji mzima unanuka udongo. Mihambo alikuwa nje anafunga mto kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli. Wangekwenda hivyo mpaka wapate lori. Nyamizi alikuwa amekaa kwenye benchi la baraza, amejifunga khanga aliyopewa na Sista Monika, mwembamba kama unyasi. Nilikuwa nimelala siku nyingi na maneno kifuani. Nikakaa karibu naye.

"Dada," nilisema, "kuna jambo hujui. Ile mara ya pili, ulipotobolewa tena, haikuwa lazima iwe vile. Ilikuwa kosa langu. Nilichukua damu mkono wenye dripu, nikapata jibu la uongo, wakakuachia mapema. Ungeweza kufa. Nimekuja kukuomba radhi."

Hakushangaa. Alitazama mikono yake, akaugeuza ule wa kulia, akaweka kidole mahali pale pale, juu kidogo ya kovu la sindano.

"Hapa," alisema.

"Hapo."

"Nilikuona. Akili yangu ilikuwa imerudi siku ile. Nikajiuliza, maji yao si yanaingilia hapa? Huyu atachota maji yao." Akatabasamu kidogo. "Kwetu tunarina asali. Sega lililoingia mvua hatulionji tukasema asali ya mwaka huu ni nyepesi."

Nilikumbuka midomo yake ikicheza, na bati likipiga kelele.

"Ulisema kitu. Sikusikia."

"Nilisema, dada, si huo."

"Mbona hukusema tena?"

Alinitazama kwa kweli, bila lawama, kama mtu anayetaka kujibu swali vizuri.

"Hukuniuliza," alisema. "Na ulikuwa na furaha sana ya kuupata mshipa."

Mihambo aliita. Nilimshika mkono mpaka kwenye baiskeli, nikamsaidia kukaa, upande upande kama wanavyokaa wanawake. Aliniaga kwa Kinyamwezi, nikamjibu vibaya, akacheka. Wakaondoka polepole wakikwepa madimbwi, na nilibaki pale barazani na sindano zangu mfukoni mpaka ukungu ukawafunika.

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo. Mashine zikabadilika, pipeti zikaacha kuvutwa kwa mdomo, alhamdulillahi. Lakini sijachoma mtu tena bila kuinama karibu na uso wake na kumwuliza nichome wapi, na kungoja, hata kama amelala, hata kama bati linapigwa na mvua, mpaka nisikie.